Pikipiki Yako Isikulete Zahanati

Katika ukurasa wa afya mmezoea kusoma habari za malaria, kuhara, maji safi na chakula cha watoto. Leo tutazungumza juu ya pikipiki. Labda mtauliza: Je, mganga anahusika nini na pikipiki? Hiyo si kazi ya fundi? Jibu langu ni kwamba kazi ya fundi ikilala, kazi yangu huanza.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku Usukumani kwenye udongo mweusi wa mbuga. Nina cheti cha utabibu na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Hapa kwetu pamba ikishauzwa, vijana wengi hununua pikipiki. Pikipiki inabeba magunia, inabeba walimu, inabeba chanjo. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mara nyingi ni pikipiki inayomfikisha kituo cha afya, maana gari la wagonjwa liko mbali. Basi mtu asidhani nimekuja kuwakataza pikipiki. Bila pikipiki, akina mama wengine wa kijiji hiki wasingekuwa hai leo.

Lakini njoo uchungulie daftari langu la wagonjwa siku ya gulio. Utaona jeraha la kichwa, goti lililochunika, mguu uliochomwa na ekzosi, kisigino cha mtoto kilichoingia kwenye spoki, kijana aliyemeza petroli akiivuta kwa mpira. Magonjwa haya hayaletwi na mbu. Karibu kila moja lina sababu inayoonekana kwa macho. Mara nyingi ni nati, waya au kipande cha chuma ambacho mwenye chombo alikuwa anakijua tangu juzi.

KIJANA ALIYEKUJA AKITEMBEA

Nilikuwa na miezi minne tu kazini. Jioni moja, kama saa kumi na moja, kijana mmoja dereva wa bodaboda alikuja zahanati kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa na jeraha juu ya jicho. Kofia yake ngumu alikuwa ameishika mkononi, haina hata mkwaruzo, kwa sababu alipoanguka ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki.

Nilimwuliza, "Umeangukaje, kaka?"

Akacheka. "Mnyororo umekatika, daktari. Ukajisokota nyuma, gurudumu likagoma kabisa."

Nilimwuliza kama alizimia. Alisema aliona giza kidogo, halafu akaamka amelala kando ya njia. Nilimsafisha, nikamshona nyuzi tano, nikampa vidonge vya maumivu na kumwambia akapumzike nyumbani.

Hapo nilikosea. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu aliyegonga kichwa na kupoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, asiachwe aende zake. Ni lazima aangaliwe, na apelekwe hospitali. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Mgonjwa huamka, huzungumza, hata hula ugali, kumbe ndani damu inajikusanya na kuubana ubongo. Haya niliyajua na kuyajibu katika mtihani. Lakini mtu alikuwa anacheka mbele yangu.

Saa nne usiku walimrudisha akikoroma. Tulimwita, haamki. Nilipommulika macho kwa tochi, mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyenzake. Tulimlaza kwenye ubao, tukampakia katika lori lililokuja kuchukua pamba, tukaondoka kwenda hospitali. Alifariki njiani, kabla hatujaifikia barabara ya lami.

Baada ya mazishi baba yake mdogo alinionyesha ile pikipiki. Minyororo ya pikipiki nyingi ndogo huungwa kwa kiungo chenye klipu ndogo ya chuma. Klipu ile ilikuwa imepotea, na marehemu alikuwa amekifunga kiungo kwa waya. Klipu mpya bei yake ni kama bei ya soda. Alikuwa amepanga kuinunua gulio la kesho yake. Siandiki haya ili kumsema marehemu. Waya ule ulikuwa kosa, na kofia iliyotundikwa ilikuwa kosa, na kosa la mwisho lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimejifunza kutazama pikipiki ya mgonjwa kama ninavyotazama mgonjwa mwenyewe.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Wengi wetu tunanunua pikipiki kwa kutazama rangi na kusikiliza mlio. Inafaa kujiuliza kwanza: Nitapita njia gani? Nitabeba nini? Na ikiharibika, vipuri vyake vinapatikana wapi? Pikipiki nzuri ambayo klipu yake haipatikani mpaka uende mkoani itafungwa waya, upende usipende.

Chukua mfano wa vespa. Skuta hizi zilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946, na watu wa Unguja wanazijua sana. Mjini zina faida kubwa. Injini imefunikwa, miguu inakaa juu ya ubao, na mama aliyevaa gauni refu au kanga hupanda bila kuungua wala kunaswa. Lakini magurudumu yake ni madogo, mengi ni ya inchi 10. Shimo ambalo gurudumu la inchi 17 au 18 linalivuka kwa kuruka kidogo, gurudumu dogo linaingia na kukutupa mbele. Kwa hiyo skuta ni ya lami na njia ngumu. Kwa njia zetu za mchanga na matope, chagua pikipiki yenye magurudumu makubwa.

Nguvu ya injini isikusumbue. Kwa mtu mmoja na mzigo mdogo, injini ya cc 100 au 125 inatosha. Mwenye kupanda milima na abiria achukue ya cc 150. Jambo linalosahauliwa ni kimo. Kalia pikipiki dukani, ishushe kwenye stendi, uone kama miguu yako yote miwili inakanyaga chini vizuri. Nimewahi kumtibu mwalimu wa kike aliyevunjika kifundo cha mguu wakati pikipiki imesimama. Alipewa pikipiki ndefu ya shambani, akasimama penye mteremko, mguu ukakosa ardhi, mzigo wote ukamlalia. Pikipiki ile ilikuwa nzima, ila haikuwa kimo chake.

Ukinunua iliyotumika, nenda na fundi wako, wala usitegemee fundi wa muuzaji. Atazame kama fremu imechomewa mahali. Azungushe magurudumu yote mawili kuona kama yanayumba. Aitikise mikono ya usukani na gurudumu la mbele. Injini ya kisasa ya mapigo manne ikitoa moshi wa buluu mfululizo, ujue inaunguza mafuta ya injini. Hakikisha pia kwamba namba ya fremu na ya injini ni zile zile zilizo kwenye kadi.

VIFAA VYA KUKULINDA

Cha kwanza ni kofia ngumu. Mwaka 2008 wataalamu walijumlisha uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali. Walikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa dereva anayepata ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dawa zenye nguvu ya namna hiyo ni chache katika kabati langu.

Wengi hudhani kazi inafanywa na gamba la nje. Gamba husaidia, lakini kinachookoa ubongo ni lile povu gumu jeupe la ndani, ambalo hubonyea badala ya fuvu. Kofia isiyo na povu hilo, au yenye sponji laini tu, ni ya kujifunika jua. Kofia ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, povu limekwisha kazi yake, hata kama nje inang'aa. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu huruka kabla kichwa hakijagonga chini.

Abiria naye ana kichwa. Abiria wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa kuogopa chawa na mapunye. Hofu hiyo ina sababu, lakini ina dawa rahisi: funga kitambaa safi kichwani halafu vaa kofia juu yake. Dereva naye aianike juani kila siku.

Sasa nitasema juu ya kitu ambacho watu hukitoa badala ya kukiongeza. Pikipiki nyingi kutoka India huja na kinga ya chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Wahindi waliiweka ili sari za wanawake zisinaswe na gurudumu. Vijana wetu huing'oa ili kupata nafasi ya mzigo. Matokeo yake naletewa watoto wenye visigino vilivyochanwa na spoki, nyama ikining'inia. Kidonda cha namna hii hukaa majuma mengi. Nimeona pia mama aliyevutwa chini na kanga yake mwenyewe. Rudisheni kinga hiyo. Kama imekwisha potea, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nyingine kwa nondo nyembamba na wavu.

Hakikisha pia ekzosi ina kinga yake ya joto na sehemu za abiria kukanyaga zipo zote mbili. Vioo viwe viwili. Taa ya nyuma iwake, maana usiku lori haliulizi aliye mbele ni nani. Vaa viatu vya kufunika. Kandambili haikingi kitu, na hunasa kwenye gia. Kuhusu mshikaki sina haja ya maneno mengi: mtu wa tatu anapokaa nyuma, uzito unarudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani haukusikii tena.

MATENGENEZO KABLA YA KUPIGA KIKI

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Randy Mamola, mshindani wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, walikwenda Somalia. Huko waliona pikipiki za wafanyakazi wa afya zimetupwa. Hazikuwa kuukuu. Zilikuwa zimekufa kwa kukosa matunzo na vipuri vidogo, na waganga walikuwa wanakwenda kwa miguu. Kutokana na safari hiyo lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo lilifanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, kama Lesotho, Gambia na Kenya. Fundisho lao kubwa lilikuwa kutengeneza kabla ya kuharibika. Sisi waganga tunaita hiyo kinga.

Anza na mnyororo. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, injini imezimwa. Shika mnyororo wa chini katikati, upandishe na kuushusha. Kwa pikipiki nyingi ndogo uchezo wa sentimita 2 hadi 3 unafaa. Ukilegea zaidi utaruka meno. Ukikazwa kupita kiasi utakatika, kwa sababu abiria akikaa unazidi kuvutwa. Halafu tafuta ile klipu. Mdomo wake uliofungwa uelekee kule mnyororo unakokwenda, na upande ulio wazi ubaki nyuma. Ikigeuzwa, kokoto au jiti laweza kuisukuma itoke. Usafishe mnyororo kwa kitambaa na kuupaka mafuta, lakini kamwe usifanye hivyo injini ikinguruma. Mnyororo huchukua kitambaa na kidole pamoja, na kidole kilichosagwa na meno ya gurudumu sina namna ya kukirudisha.

Breki zifuatie. Nyingi za pikipiki zetu zina breki za ngoma. Ukivuka mto maji huingia ndani, na breki hushika kidogo sana. Mimi mwenyewe nilianguka hivyo nikipeleka chanjo kitongojini. Nilivuka kijito, nikapandisha mwendo, mbuzi wakakatiza, nikavuta breki na pikipiki ikaendelea kama sikuvuta kitu. Niliumia kiwiko, na sanduku la chanjo lilifika mbali kuliko mimi. Ukitoka majini, nenda polepole huku unagusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke na kushika. Kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Wakati unawaza "yule mbuzi," umekwisha mfikia.

Tairi lipimwe upepo likiwa la baridi. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, nacho huwa kikubwa zaidi kwa gurudumu la nyuma ukibeba abiria. Tairi lililokwisha meno halifai kwa udongo wa mbuga. Wakati wa mvua udongo huu hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama lenyewe. Simama, utoe tope kwa kijiti. Usilazimishe.

Mafuta ya injini yatazamwe pikipiki ikiwa imesimama wima, siyo imeinama. Kwa vumbi letu, chujio la hewa lisafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Kaza nati za magurudumu na za usukani. Washa taa.

PETROLI NA MOSHI

Usivute petroli kwa mdomo. Tatizo kubwa la petroli si tumboni bali ni mapafuni. Tone dogo likiingia kwenye mapafu huyaunguza, na mtu hupata homa ya mapafu ndani ya saa chache. Aliyemeza asitapishwe, wala asipewe maziwa, kwa sababu kutapika huipeleka petroli mapafuni. Mlete zahanati upesi. Usiweke petroli katika chupa ya soda au ya maji ndani ya nyumba. Mtoto ataionja, na kibatari kitafanya kazi yake.

Najua pikipiki nyingi hulala ndani kwa kuogopa wezi. Ilale, lakini asubuhi isukume nje kwanza ndipo upige kiki. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huwaua walio usingizini bila kuwaamsha.

Aliyechomwa na ekzosi amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala mafuta ya injini, wala kinyesi cha ng'ombe.

UKIMKUTA MTU AMEANGUKA

Usimvute mkono na kumkalisha. Shingo inaweza kuwa imevunjika, na kumkalisha kunaweza kumpoozesha. Kama anapumua vizuri mwache na kofia yake, mpaka apatikane anayejua kuitoa huku mwingine ameshika kichwa. Kama anavuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Usimbebe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Tafuta ubao au kitanda, na gari.

Na kama ameamka na anacheka, mlete hivyo hivyo. Mwambie mganga alizimia. Mkiruhusiwa kwenda nyumbani, asilale peke yake. Mwamsheni mara kwa mara usiku kucha mkamwulize jina lake. Akitapika zaidi ya mara moja, akisema kichwa kinazidi kuuma, akiongea ovyo, akitoka maji au damu masikioni au puani, au asipoamka sawasawa, msingoje kukuche.

Katika kijiji chetu sasa tumepanga na fundi mmoja. Kila siku ya gulio, kuanzia saa moja asubuhi, hukaa chini ya mwembe ulio mbele ya zahanati na kukagua pikipiki kabla hazijaanza kubeba watu. Kukagua ni bure, kipuri unalipa. Klipu za minyororo anazo ndani ya kopo la maziwa, za saizi zote. Mdogo wake yule marehemu ndiye anayeiendesha pikipiki ile siku hizi, naye hufika mapema kuliko wote.